Ukurasa mmoja na nusu wa shangazi

Mama wa safu ya ushauri, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara tatu. Daftari la shangazi liko mapajani mwangu na kila nikilifungua nashindwa kuendelea. Mimi ni muuguzi hapa Dar es Salaam, nina miaka 41, kwetu ni Rungwe, si mbali na Tukuyu. Niite Mtoto wa Kaka. Ndivyo shangazi alivyokuwa akinitambulisha kwa watu, hata nilipokuwa nimeshazaa: "Huyu ni mtoto wa kaka yangu." Akishasema hivyo hakuona haja ya kuongeza neno.

Baba alifariki nikiwa na miaka 9, shangazi akanichukua. Hakuolewa, hakuzaa. Alifundisha shule ya msingi tangu mwaka 1976 hadi alipostaafu mwaka 2018, na karibu miaka yote hiyo alikuwa na darasa la kwanza, kwa sababu kila mwalimu mkuu aliyehamia pale aliona upesi kwamba watoto wakipita kwake wanatoka wanasoma. Jumapili alikuwa Kanisa la Moravian: kwanza watoto wa Shule ya Jumapili, halafu kwaya ya akina mama, sauti ya pili. Nyumbani shule na kanisa vilikuwa kitu kimoja. Jioni meza ni ile ile, juu yake kuna maandalio ya somo, karatasi za nyimbo na taa ya chemli. Kabla hajashika Biblia alinawa chaki mikononi.

Nikusimulie jambo moja ili umjue. Vipande vya chaki hakuvitupa. Alivitia kwenye kopo la Blue Band, na mtoto akiletwa ambaye hajui kushika penseli, alimchagulia kipande kidogo kuliko vyote, sawa na punje ya hindi. Nilidhani ni kubana matumizi. Nilipokuwa mkubwa ndipo aliponieleza kwamba chaki ndogo kiasi hicho mtoto hawezi kuikamata kwa ngumi, vidole vitatu vinajipanga vyenyewe. Hakuna aliyemfundisha hilo, alilivumbua darasani.

Alikuwa mkali vilevile, sitaki kumsingizia upole. Siku ya msiba mzee mmoja, karani mstaafu, alisimama akasema: "Mwalimu alinigonga rula kwenye vidole kwa sababu ya herufi g. Hadi leo nikiandika g mkono unatulia." Watu walicheka huku wanalia.

Sasa shida yangu. Kisukari kilimla macho. Alipoona kusoma kunamshinda, alinipigia akasema, "Mtoto wa kaka, njoo uniandikie maisha yangu. Wazee wetu kanisani walikuwa wakiandika ya kwao wenyewe, yakasomwa siku ya kuzikwa. Mimi sitaki nisomewe maneno ya kubuniwa na watu." Nikamwambia nitakuja Pasaka. Pasaka nikawa zamu. Nikasema Desemba. Desemba nilikwenda kweli, siku nne. Tulipika, tulipiga soga, tulicheka. Daftari lilibaki kabatini. Mimi sikulitaja na yeye hakulitaja. Machi mwaka jana akafariki.

Baada ya maziko nililikuta chini ya mto wake. Alikuwa ameanza mwenyewe. Ukurasa mmoja na nusu, mama. Mwandiko wake ule ulionyooka kama reli sasa unapanda na kushuka, mstari mmoja umelala juu ya mwingine. Nakunakilia sehemu ya mwisho kama ilivyo (UPE anayoitaja ni ule mpango wa miaka ya 70 wa elimu ya msingi kwa wote):

"Nilimaliza darasa la saba mwaka 1974. Sikuchaguliwa. Nililia siku tatu, baba akasema shika jembe. Nikashika. Mwaka 1976 akaja mwalimu mkuu na balozi wa nyumba kumi wakasema wanatafutwa vijana waliomaliza wafundishe, maana Mwalimu Nyerere amesema kila mtoto asome. Nikajiandikisha UPE. Watu walituita majina. Mimi nilijua kwamba sijui. Kwa hiyo kila usiku nilisoma kwanza kile nitakachofundisha kesho. Siku ya kwanza nilipoingia darasani nilikuta watoto"

Hapo hapo. Hakuna nukta.

Jumatatu ya Pasaka ukoo wote utakuwa nyumbani kwa ibada ya kumbukumbu, na mimi nimepangwa kusoma historia ya marehemu. Mwenyekiti wa kamati ni baba mdogo, kitinda mimba wao, wa mwaka 1968. Shangazi ndiye aliyembeba mgongoni, naye baba mdogo anampenda kupita kiasi. Amenitumia historia aliyoiandika yeye. Ni fupi, na inasema shangazi "alijiunga na chuo cha ualimu na kuhitimu." Si kweli. Chuo alikwenda baadaye sana kujiendeleza. Nilipomwuliza kwa heshima, akanijibu: "Neno UPE lisisikike mbele ya wale wageni. Dada yangu sitakubali achekwe tena." Nikanyamaza. Siwezi kubishana na baba mdogo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Huko huko wanachanga fedha za kuweka marumaru kwenye kaburi, na hapo pia pana mvutano.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Ndoa yangu ilipovunjika niliacha kwenda kanisani, sasa ni mwaka wa sita. Shangazi alijua. Hakunigombeza hata siku moja. Kila Desemba alinitumia boksi kwa basi, maparachichi na ndizi, na katikati yake, ndani ya kitenge, kile kitabu kidogo cha neno la kila siku cha mwaka unaofuata. Sikuvisoma. Viko kabatini, sita. Nitasimamaje mbele ya madhabahu nimsome mtu aliyekuwa wa kanisa mwili na roho, hali mimi mwenyewe mlango wake nimeusahau? Nimalizie hadithi yake kwa niaba yake, au niache? Na je, baba mdogo nimkubalie?

Mtoto wa Kaka, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu, na pole. Mwaka umepita lakini pole yako bado mbichi, naiona kwenye mwandiko wa barua.

Nianze na lile ulilolipitia haraka kuliko yote, la Desemba. Ulimwahidi hukumtimizia. Sitakuambia kwamba si kitu, maana wewe mwenyewe hutaniamini, na shangazi yako alikuwa mtu wa kusahihisha daftari kwa kalamu nyekundu bila kuficha kosa. Lakini nimeusoma ule ukurasa aliouacha zaidi ya mara moja, nikawaza: ungekwenda ile Pasaka ungekuwa na daftari zima, kwa mwandiko wako, limenyooka. Hili ulilonalo ni la mkono wake, mwalimu asiyeona, akijua wazi kwamba mistari inampotea, na hata hivyo anaandika. Miaka 42 alisimama nyuma ya mtoto mmoja mmoja akimwelekeza kalamu. Siku za mwisho hakungoja wa kumwelekeza. Lia kwa sababu ya ahadi, una haki hiyo, ila ukurasa huo usiuhesabu kama mabaki ya kazi uliyoiharibu. Ameuandika kama alivyoweza na ni mali kamili.

Sasa nikueleze kwa nini alisisitiza, maana nahisi hukuambiwa yote. Wamoravian wana desturi hiyo tangu karne ya 18, kule Herrnhut nchini Ujerumani, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa dini kwenye ardhi ya kabaila Zinzendorf, aliyewapokea. Kila muumini, awe fundi seremala, mpishi au mtu mwenye cheo, aliandika mwenyewe safari ya maisha yake, ikasomwa mbele ya ushirika siku ya kumzika. Walioshindwa kuandika walisimulia, mtu wa karibu akaandika. Hayo maandiko yapo hadi leo, maelfu kwa maelfu. Wamisionari wao walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na taratibu zao nyingi, na leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Kwa hiyo shangazi aliposema hataki kusomewa maneno ya kubuniwa, alikuwa anadai haki yake ya kanisani: mwenye maisha ndiye anayeyasema.

Nikitoka hapo swali lako la kumalizia linajijibu lenyewe. Usimalizie. Usiandike hata sentensi moja inayoanza na "mimi" kana kwamba ni yeye. Ninajua kishawishi kilivyo, kwa sababu ulikaa naye, unaijua sauti yake, ungeweza kuiga hata namna anavyokatiza maneno. Ukishaiga, mwaka kesho hakuna atakayejua wapi alikomea yeye na wapi umeanzia wewe, pamoja na wewe mwenyewe. Soma yake kama ilivyo, hadi pale alipofika. Linalofuata liwe la watu wengine, kwa majina yao na kwa sauti zao.

Tuje kwa baba mdogo. Nakuomba usimwone kama mtu anayetaka kudanganya. Rudia jibu lake: "Sitakubali achekwe tena." Neno hilo la mwisho linasema mengi. Ina maana aliwahi kumwona akichekwa.

Vijana wanaosoma hapa huenda hawajui, kwa hiyo niseme kidogo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana Musoma, ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, ndiyo UPE kwa kifupi cha Kiingereza, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Miaka 12 ilikatwa kwa mkupuo mmoja. Mwaka ule watoto wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2, ilipofika mwaka 1980 walikuwa wamepita milioni 3. Walimu wangetoka wapi? Vyuo visingetosha hata kidogo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu, wakafundishwa humo humo vijijini: sehemu ya siku wanafundisha, sehemu nyingine wanasoma wao, masomo yanakuja kwa posta na kwa redio, wasimamizi wanapita kuwakagua. Miaka mitatu hivyo, halafu mtihani ndipo wapewe cheti. Msichana wa miaka 18 anasimama mbele ya watoto wengi kuliko madawati, jioni anakwenda kuwa mwanafunzi.

Watu wakaigeuza UPE wakasema ni "Ualimu Pasipo Elimu." Lilikuwa neno la kuchekesha kila mahali, kwenye mabasi, kwenye vilabu vya pombe, hata kwenye vyumba vya walimu waliopita vyuoni. Aliyenifundisha mimi kuandika jina langu alikuwa wa UPE, na sisi watoto tuliliimba neno hilo nyuma yake akienda zake nyumbani, bila kulielewa. Yeye alielewa. Sikuwahi kumwomba radhi na sasa hayupo, kwa hiyo hili la shangazi yako linanigusa pabaya.

Yapo ya kulaumu katika mpango ule, sikatai. Madarasa yalijaa mno, vitabu havikutosha, wapo waliofundisha wasichokijua. Lakini sikiliza alivyosema mwenyewe: "Mimi nilijua kwamba sijui. Kwa hiyo kila usiku nilisoma kwanza kile nitakachofundisha kesho." Mwanangu, nimewahi kukaa na wahitimu wa vyuo vikubwa wasioweza kusema sentensi ya kwanza kati ya hizo mbili. Na ile chaki ya punje ya hindi haikutoka chuoni. Ilitoka kwa mtu aliyeingia darasani hana kitu, akalazimika kuwatazama watoto kwa makini hadi akaona vidole vyao vinafanya nini. Ukiificha UPE, chaki ile unaikata mzizi. Itabaki kioja cha mwalimu mzee.

Basi ufanye nini? Kwenye kundi la WhatsApp usiandike kitu. Omba ruhusa ya siku mbili kazini, panda basi kabla ya Pasaka, umfuate baba mdogo nyumbani kwake. Usiende mikono mitupu, na usiende na hoja. Nenda na daftari lenyewe, si picha ya simu. Mwamkie, kaa, kunywa chai, halafu mwambie: "Baba, naomba unisomee hapa, mwandiko unanishinda." Asome yeye kwa sauti. Acha akutane na mwandiko wa dada yake ulivyokuwa ukiparamia. Afike kwenye "Nikajiandikisha UPE" kwa mdomo wake. Usimsukume, usimwambie unaona sasa. Neno la dada mkubwa amelitamka mwenyewe, na kwa jinsi unavyonieleza anavyompenda, sidhani kama atathubutu kulifuta.

Halafu mwulize swali moja. Umeniambia ni wa mwaka 1968. Shangazi aliingia darasani mara ya kwanza mwaka 1976, shule ya kijijini kwenu. Piga hesabu: baba mdogo alikuwa na miaka 8. Mwulize, "Baba, mwaka 76 ulikuwa darasa gani?"

Sijui atakujibu nini. Inawezekana alikuwa shule nyingine au hajaanza. Lakini kijijini mtoto wa miaka 8 mwaka ule, katika vuguvugu lile la kuandikisha kila mtoto, nafasi kubwa ni kwamba alikuwa darasa la kwanza, ameketi mbele ya dada yake aliyembeba mgongoni, anamsikia kwa mara ya kwanza akiitwa Mwalimu. Na baadaye akasikia wenzake wanamwita yale majina mengine. Kama ndivyo, basi yale maneno yake ya "achekwe tena" ni kidonda cha mtoto wa miaka 8 na hakuna aliyewahi kumwuliza habari zake.

Awe alikuwamo au la, wengine waliokuwamo wapo. Leo wanakaribia miaka 60, wengine wameipita. Wengi wako hapo hapo kijijini, wanachuma chai na kukamua ng'ombe. Nenda na mwinjilisti au mzee wa kanisa akupitishe nyumba kwa nyumba. Usiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani," watakupa majibu ya msibani: mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu. Waulize alivaa nini siku hiyo. Mliketi juu ya nini? Herufi ya kwanza aliyoandika ubaoni ni ipi? Nani alichapwa kwanza? Rekodi kwa simu, hata kama wanachanganya Kinyakyusa na Kiswahili, usiwakatize. Shuleni pia omba kuona buku la kumbukumbu la shule kama limesalimika, na madaftari ya zamani ya mahudhurio. Huenda yameliwa na mchwa. Yakiwapo, mwandiko wake utaukuta humo, ukiwa bado umenyooka.

Na yule karani wa herufi g mwombe asimame tena. Rula ibaki kwenye hadithi. Mimi siipendi rula, nasema wazi, na wazazi wa leo wana haki ya kuikataa, lakini shangazi yako msafi asiye na rula si yule aliyekulea.

Marumaru nitayapitia upesi. Kule Herrnhut makaburi ya Wamoravian karibu yote yamefunikwa kwa mawe yaliyolala chini, yanayofanana, ya tajiri na ya mjakazi, ili hata akifa mtu asimzidi mwenzake. Kama wazee wa ushirika wenu bado wanalijua hilo, waombe walisemee kwenye kikao, mvutano unaweza kupoa bila wewe kufungua kinywa. Ukoo ukiamua marumaru, changia fungu lako, usigombane. Nguvu zako zitunze kwa ajili ya daftari.

Sasa lile la usingizi. Unaniuliza utasimamaje mbele ya madhabahu. Mwanangu, hukuitwa kuungama imani yako siku ile. Umeitwa kuwa msomaji wa mtu aliyepoteza macho. Ndiyo kazi ile ile aliyokuomba, imechelewa tu. Msomaji hahitajiki kuwa na kitu zaidi ya sauti na uaminifu kwa kilichoandikwa. Ila ili usisimame ukiwa na jiwe kifuani, mwone mchungaji siku moja kabla, mwambie kwa maneno machache: nimekaa nje miaka sita, nitasoma kwa ajili ya shangazi, naomba nisitajwe vinginevyo. Mchungaji mwenye busara ataelewa. Watu wakisimama kuimba, simama nao. Kama wimbo hautoki, shika kitabu tu. Usiahidi kitu pale kwa sababu ya machozi, wala usijizuie kitu kwa sababu ya aibu.

Jambo jingine, na hili chukua au acha. Umeniambia ibada ni Jumatatu, lakini unajua kwenu siku yenyewe ni Jumapili alfajiri, giza bado, ushirika unapokwenda makaburini na nyimbo kulisubiri jua. Desturi hiyo nayo ni ya tangu mwaka 1732. Mwaka huu kundi hilo litasimama kwenye kaburi lake pia. Gizani hakuna anayehesabu nani alikuja kanisani na nani hakuja. Vaa koti, maana Rungwe asubuhi unaijua, usimame nyuma.

Na vile vitabu sita usivitupe wala usijilazimishe kuvisoma vyote. Maneno yale huchaguliwa kwa kura, aya moja kwa kila siku, na yamechapishwa hivyo tangu mwaka 1731, watu wa nchi nyingi wakisoma aya moja siku moja. Shangazi alipokufungia kile kitabu ndani ya kitenge, alijua kwamba asubuhi yake na asubuhi yako, hata kama hujafungua, ziko ukurasa mmoja. Ukitaka, chukua kile cha mwaka jana, tafuta tarehe aliyofariki, soma aya ya siku hiyo tu. Ndiyo aliyosomewa asubuhi yake ya mwisho, kama kulikuwa na wa kumsomea.

Jumatatu sasa. Vaa kawaida, fika mapema, weka daftari kwenye mimbari mwenyewe asije mtu akaweka karatasi zake juu yake. Ukiitwa, usianze na "marehemu alizaliwa." Sema wewe ni nani: mtoto wa kaka yake. Eleza kwa sentensi mbili kwamba unasoma alichoandika kwa mkono wake akiwa haoni vizuri. Halafu soma taratibu, mvua ikipiga bati ngoja ipungue. Mwaka 1974, jembe, balozi, UPE, majina waliyoitwa, usiku wa kusoma kwanza. Ukifika "nilikuta watoto," acha. Usieleze kwamba hapo ndipo alipoishia, wala usijaze kwa kuomba radhi. Funga daftari, shuka.

Hapo ndipo baba mdogo asimame, kama amekubali, pamoja na wale wa mwaka 1976 utakaokuwa umewapata, wawe watatu au kumi na watatu. Wasiandikiwe hotuba. Kila mmoja aseme jina lake, na alikuwa ameketi wapi.